Sauti ya Gitaa Ni ya Nani?

Maonyesho ya magitaa yaliyotengenezwa kwa mkono huwakutanisha fundi, mpigaji na msikilizaji mbele ya meza moja. Maonyesho ya Healdsburg, California, yalianza mwaka 1996. Ya Berlin, yaliyoandaliwa na umoja wa mafundi wa Ulaya, yalianza 2014. Utaratibu haupishani sana popote yanapofanyika. Fundi hupewa meza, huweka juu yake magitaa mawili matatu ambayo huenda ndiyo kazi yake ya nusu mwaka, kisha husimama nyuma ya meza kutwa nzima akijibu maswali. Mgeni huketi, hulipakata gitaa, hugusa nyuzi, husikiliza kidogo, hulirudisha na kuhamia meza ya pili. Kando ya kila gitaa huwekwa kadi yenye jina la fundi na orodha ya miti aliyotumia. Ubao wa mbele huwa wa msprusi, mti wa nchi za baridi unaofanana na msonobari. Mgongo, mbavu na ubao wa vidole mara nyingi ni miti ya nchi za joto, na miongoni mwake hupatikana mpingo na mninga.

Miti hiyo miwili ya mwisho inajulikana vizuri Tanzania. Mninga hasa ni mti wa Tabora: vitanda, makabati na milango ya nyumba nyingi za mkoa huo imetoka kwake, na karakana za mjini zinanukia vumbi lake. Kilomita chache kutoka mjini, ndani ya misitu ya miombo inapoota mininga hiyo, ipo Kipalapala. Hapo ndipo ilipo Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo, ambayo tangu 1925 imewafunda mapadre wa Tanzania, na kando yake kiwanda cha uchapaji cha TMP, ambacho kimetoa vitabu vya sala na katekisimu kwa vizazi kadhaa vya Wakatoliki wanaosoma Kiswahili. Hapajulikani kwa magitaa. Hata hivyo swali linalozuka kwenye meza za maonyesho ya ughaibuni ni swali ambalo mafrateri wa Kipalapala wanazo zana za kulijibu, kwa sababu ni swali la zamani la falsafa na la dini: sauti nzuri inapotoka kwenye chombo, sifa ni ya nani? Ni ya mti, ya fundi, ya mpigaji, au ya Yule aliyewaumba wote watatu?

Mti ndio unaosemewa kwanza, na kadi ya mezani ndiyo wakili wake. Madai yake yana msingi. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, ni mgumu kuliko karibu mbao zote zinazouzwa duniani, na husuguliwa hadi ukang'aa kama jiwe. Ndiyo maana klarineti, obo na zumari za Uskoti hutengenezwa kwa mpingo, na ubao wa vidole wa mpingo hauliwi upesi na nyuzi za chuma. Mninga una tabia nyingine. Ni mwepesi, una rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na ukishakauka vizuri haupindi wala haucheziki ovyo kwa mabadiliko ya hewa. Sifa hiyo ina uzito mkubwa kwa gitaa. Chombo kilichoundwa kwenye hewa yenye unyevu kikiletwa Tabora mwezi wa Agosti, wakati mvua imekatika tangu Mei na nyasi zote zimekauka, ubao wake hunywea, viungo hufunguka, na ufa hutokea kwenye mshipa wa mti. Mbao isiyonywea sana ni rafiki wa fundi wa nchi kavu.

Madai hayo huvuka mpaka yanaposema kwamba mti adimu ndio unaoleta sauti. Dai hilo limepimwa, na halikusimama. Mwaka 1862 fundi wa Kihispania Antonio de Torres, ambaye umbo la gitaa la leo la nyuzi laini limetokana kwa kiasi kikubwa na kazi yake, alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake vilikuwa vya karatasi ngumu iliyogandishwa. Ubao wa mbele ulikuwa wa msprusi, uliotengenezwa kwa uangalifu wake wa kawaida. Alitaka kuonyesha kwamba sauti hutoka mbele, na chombo hicho kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha jaribio la kina zaidi. Magitaa sita yalitengenezwa na karakana moja, yakafanana kwa kila kitu isipokuwa mti wa mgongo na mbavu, kuanzia ule wa bei ya juu kabisa hadi wa kawaida. Wapigaji 52 waliyapiga bila kuweza kuuona mti. Alama walizotoa zilikaribiana mno, na uwezo wao wa kuyatofautisha ulikuwa mdogo. Mti wenye bei ya kutisha haukupata chochote ambacho mti wa kawaida haukupata.

Matokeo hayo hayasemi kwamba mbao ni mbao tu. Msprusi wa ubao wa mbele huchaguliwa kwa sababu za kweli: ni mwepesi na una ukakamavu kulingana na uzito wake, kwa hiyo hutikisika kwa nguvu ndogo ya uzi. Uzi peke yake hausukumi hewa ya kutosha kusikika chumbani. Ubao ndio unaoisukuma. Kinachokataliwa na majaribio ni tabia ya kuhamisha bei ya mti kwenda kwenye sikio la msikilizaji. Uadimu ni habari ya soko na ya msitu, na sikio halina njia ya kuisikia.

Baada ya mti huja fundi, na hapa inafaa kutazama kazi yenyewe kwa karibu. Ubao wa mbele wa gitaa huanza kama vipande viwili vilivyopasuliwa kutoka gogo moja na kufunguliwa kama kitabu, ili mishipa ya kulia ioane na ya kushoto. Vikishaunganishwa kwa gundi, fundi huanza kupunguza unene kwa randa. Kuna wakati anaacha kupima kwa rula. Anaushika ubao kwa vidole viwili mahali pasipozuia mtikisiko, anausogeza karibu na sikio, anaugonga kwa kifundo cha kidole. Anasikiliza. Anaparuza kidogo tena, anagonga tena. Ubao ukiwa mnene, mlio wake ni mfupi na umebana. Unavyopungua kuelekea milimita mbili na nusu au tatu, mlio hufunguka na kudumu. Akizidisha, amepoteza ubao, kwa sababu nyuzi za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hadi 80, na ubao uliopunguzwa mno utabonyea au kupasuka baada ya miaka michache. Kwa ndani hubandika vijiti vya kuimarisha, na kila kijiti nacho huchongwa kwa kusikiliza. Fundi anatafuta nafasi nyembamba iliyo kati ya chombo kinachodumu na chombo kinachoimba. Hakuna ubao unaofanana na mwingine, hata wa gogo moja, na kwa hiyo hakuna kipimo kinachoweza kuandikwa mara moja kikatumika siku zote.

Hapo ndipo kazi ya mkono inapotofautiana na ya kiwanda, na tofauti hiyo haihusu mapenzi ya mambo ya kale. Mashine hupunguza kila ubao hadi kipimo kimoja, na ili magitaa yasirudi dukani yamebonyea, kipimo huwekwa upande wa unene. Fundi huupa kila mti hukumu yake. Tukio la kimaadili limo humo, ingawa halionekani: mtu amekubali kutumia saa zake kukijua kitu kimoja kwa hakika, na akakitii kilivyo, badala ya kukilazimisha kiwe sawa na vingine.

Aristotle aliligusa jambo hili katika kitabu chake cha Fizikia alipotaja mfano wa kitanda. Kitanda kikizikwa ardhini, kikaoza, na kikapata uhai wa kuchipua, kitakachochipua ni mti. Hakitachipua kitanda kingine. Umbo la kitanda halimo ndani ya mti kama mbegu. Limeletwa na fundi kutoka nje. Mfano huo unamfaa kila mkazi wa Tabora, kwa kuwa kitanda chenyewe pale ni cha mninga. Gitaa likizikwa, haliwezi kuzaa gitaa. Kwa mujibu wa sababu nne za Aristotle, ambazo wanafunzi wa falsafa huzijua kwa moyo, mti ni sababu ya mata, yaani kile kinachofanywa kitu. Umbo ni mpango uliomo akilini mwa fundi. Fundi ni sababu tendaji. Na muziki ndio lengo ambalo kwa ajili yake kazi yote imefanyika. Hakuna sababu moja inayotosha peke yake. Mwenye kuusifu mti tu amesahau tatu, na kadi ya maonyesho inayotangaza mti kwa herufi kubwa kuliko lengo imeipindua mizani.

Lakini fundi naye ana mpaka. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alishikilia kwamba kuumba, kwa maana kamili ya kufanya kitu kiwepo pasipo kitu, ni kwa Mungu peke yake. Binadamu hupokea kilichopo na kukiendeleza. Mapokeo ya dini mbili kubwa za Tabora yanakubaliana hapa kwa namna ya kugusa moyo. Kitabu cha Kutoka kinamtaja Bezaleli, aliyejazwa roho ya Mungu ili apate ustadi wa kufanya kazi ya dhahabu, ya vito na ya kuchonga miti. Yeye hakuwa kuhani wala nabii. Alikuwa fundi, na Roho aliyempata alimfikia mikononi. Kurani inamtaja Daudi, ambaye milima na ndege waliamrishwa kurejesha sifa pamoja naye, na ambaye alilainishiwa chuma ili atengeneze deraya, akaagizwa apime vizuri viungo vya pete zake. Aya hiyo inaweka vitu viwili karibu sana: sifa inayoimbwa, na kipimo kisichokosewa. Wasomaji wengi hupita haraka kwenye agizo la kupima, wakati fundi angeweza kukaa juu yake maisha yote. Kupima vizuri kumehesabiwa kuwa sehemu ya shukrani.

Mpigaji ndiye wa tatu. Madai yake ni makubwa kuliko ya wengine, kwa sababu jina lake ndilo linalobaki masikioni. Katika habari za muziki wa Kiswahili mfano ulio wazi ni Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa Katanga mwaka 1930 na kufariki 1990. Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, na wimbo wake wa Masanga ukasikika hadi mabara mengine. Alipiga kwa vidole, gumba likishika besi huku kidole cha shahada kikiimba juu, hata msikilizaji asiyemwona akadhani wamekaa watu wawili. Mwenda alikuwa wa Bayeke, watu waliotokana na msafara wa Msiri, mfanyabiashara wa Kisumbwa aliyetoka upande wa Unyamwezi katikati ya karne ya 19 kufuata shaba na pembe, akajenga dola yake Garenganze. Njia ya misafara iliyopita Tabora ndiyo iliyomleta mpigaji huyo duniani mahali alipozaliwa. Wanaosikiliza rekodi zake wanalijua jina lake na la aliyemrekodi. Jina la fundi wa gitaa alilopiga hawalijui.

Je, hiyo ni dhuluma? Tomaso anatoa njia ya kulijibu anapoeleza chombo kinavyoshiriki katika tendo. Shoka, asema, lina tendo lake lenyewe, yaani kukata, kwa sababu ya makali yake. Na lina tendo jingine linaloupita uwezo wake, yaani kufanyiza kitanda, ambalo hulipata kwa kuongozwa na fundi. Shoka butu halimwezeshi hata seremala hodari. Gitaa nalo lina kazi yake, ambayo fundi ameiweka ndani yake: kujibu upesi, kudumisha mlio, kutofautisha mguso mpole na mzito. Mpigaji hulipeleka mbali kuliko gitaa lenyewe lingeweza, lakini hulipeleka kupitia kazi hiyo. Kwa hiyo sauti moja ni ya wote wawili kwa ukamilifu, haigawanywi nusu kwa nusu. Hili ni fundisho lenye manufaa, kwa sababu linamwondoa fundi kwenye nafasi ya mtumishi asiyetajwa bila kumnyang'anya mpigaji chochote. Watoto wanaounda magitaa ya makopo kwa waya za breki za baiskeli huishi ukweli huo bila kufundishwa: mpigaji na fundi ni mtu mmoja, na anajua ni mlio gani umetoka kwenye kopo na upi umetoka kwenye kidole. Kinshasa, fundi Jean-Luther Misoko Nzalayala, ajulikanaye kwa jina la Socklo, amepata sifa kwa kuwaundia wanamuziki wa mji wake magitaa kwa vifaa vinavyopatikana pale pale. Mapokeo ya zeze la Unyamwezi yalikuwa hivyo tangu mwanzo: kibuyu, ubao, uzi, na mtu aliyejua kuviunganisha.

Linabaki lengo, na hapa dini zimesema mengi. Gitaa Tabora halikufika kama chombo cha ibada. Lilikuwa la ukumbi wa dansi. Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz ziliupa mji huo jina nchini kote, na magitaa yao yalipigwa usiku, mahali palipokuwa na bia na mapenzi. Ndiyo sababu watu wazima wengi waliolisikia baadaye kanisani walishtuka. Mshtuko wao si ujinga, maana una historia ndefu ya kitaalimu. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alijadili katika Ihyaa Ulumid-Din ni vyombo gani visikilizwe na vipi viachwe. Aliona kwamba vyombo vya nyuzi na vya kupuliza havikukatazwa kwa sababu vinafurahisha. Furaha ya sikio peke yake haina hatia, kama vile kusikia ndege si hatia. Vilikatazwa kwa kuwa vilikuwa alama ya vikao vya walevi na viliwakumbusha watu pombe. Upande wa Kanisa, Tomaso aliandika kwamba Kanisa la wakati wake halikutumia vinubi katika sifa za Mungu. Papa Pio wa Kumi, katika agizo lake la Novemba 1903, alipiga marufuku piano kanisani pamoja na ngoma, matoazi na vyombo vingine vya kelele. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulikiachia kinanda cha mabomba nafasi ya heshima lakini ukafungua mlango kwa vyombo vingine vinavyofaa au vinavyoweza kufanywa vifae kwa matumizi matakatifu. Maelekezo ya mwaka 1967 yaliongeza kwamba utamaduni wa kila taifa uzingatiwe, ila vyombo ambavyo kwa maoni na mazoea ya watu vinafaa kwa muziki wa kidunia tu visiingizwe.

Al-Ghazali na maelekezo ya 1967 wametengana kwa zaidi ya miaka 850, kwa dini na kwa lugha, na bado hoja yao ni moja: chombo hakina uchafu ndani yake, kinahukumiwa kwa ushirika wake na mazoea ya watu. Kutokana na hoja hiyo yafuata jambo ambalo wote wawili waliliachia nafasi, kwamba mazoea yakibadilika hukumu nayo yaweza kubadilika. Ngoma, iliyokatazwa 1903, leo inapigwa katika Misa kote Tanzania. Padre Stephen Mbunga, mwanamuziki wa Peramiho, alifanya kazi ya kisomi ya kuonyesha namna sheria za Kanisa zinavyoweza kuupokea muziki wa Kibantu, na kitabu chake kilitoka mwaka ule ule wa 1963. Gitaa limefuata njia hiyo kwa mwendo wake. Kwa kijana aliyelijua kwanza kwenye kwaya ya jumuiya, gitaa halimkumbushi ukumbi wa dansi hata kidogo.

Mjadala huo wote, hata hivyo, umekaa upande mmoja wa chombo. Umeuliza chombo kinaamsha nini kwa msikilizaji. Haukuuliza kimetoka wapi na kimembebesha nani mzigo. Tabora ina sababu ya kuuliza hilo kuliko miji mingi. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilikusanywa Unyanyembe, eneo la Tabora, kutoka Ujiji, Manyema na kwingineko, zikabebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, hadi Bagamoyo, zikavuka kwenda Unguja na kutoka huko kusafirishwa ng'ambo. Sehemu kubwa ilikwenda Marekani. Katika jimbo la Connecticut, kwenye miji midogo ya Deep River na Ivoryton, viwanda vilizipasua pembe hizo kuwa vipande vyembamba vya kufunikia vitufe vya piano. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30, na safari ilichukua miezi. Wengi wa wapagazi hao walikuwa watu huru waliopatana ujira, lakini njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa. Kipalapala yenyewe iliingia katika historia ya Kanisa miaka ya 1880 pale Wamisionari wa Afrika, wanaoitwa Mapadre Weupe, walipofungua kituo cha kuwalea watoto waliokombolewa utumwani.

Basi piano iliyokatazwa kuingia kanisani mwaka 1903 ilikatazwa kwa sababu ya sifa yake ya kidunia. Pembe iliyofunika vitufe vyake, tembo waliouawa kwa ajili yake, na mabega yaliyoipitisha Tabora havikutajwa. Hukumu ilitazama sikio na kuliacha bega. Hili ndilo pengo katika fikra za dini juu ya vyombo vya muziki, na halijazibwa hadi leo. Chombo kinaweza kuwa na mlio safi, kikapigwa na mtu mcha Mungu kwa lengo takatifu, na bado kikawa kimetokana na dhuluma. Sababu ya mata ina deni lake la kimaadili ambalo umbo zuri na lengo jema haviwezi kulifuta.

Deni hilo leo limehamia kwenye miti. Tangu Januari 2017 jamii nzima ya miti ya Dalbergia, ambayo mpingo ni mmoja wao, imewekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na usafirishaji wake ukahitaji kibali. Wanamuziki walilalamika kwamba wanazuiwa mipakani na ala zao, na mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika viliondolewa kwenye sharti hilo. Novemba 2022, katika mkutano wa Panama, miti ya Pterocarpus ya Afrika nayo iliorodheshwa, na humo umo mninga. Sababu zake zinaonekana Tabora bila kusoma ripoti yoyote. Mninga huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Misitu inayouzunguka mji imefyekwa kwa mashamba na kwa kuni za kukaushia tumbaku, na magogo yamekuwa yakitoka kwa njia zilizo halali na zisizo halali. Mti uliosimama una kazi nyingine pia: maua ya miombo ndiyo chakula cha nyuki, na asali ya Tabora hurudi kila msimu, wakati gogo la mninga hulipwa mara moja.

Kwa kulinganisha, mafundi wa magitaa hutumia mbao kidogo sana. Mgongo na mbavu za gitaa moja ni mbao nyembamba za milimita mbili au tatu, na mlango mmoja wa mninga una mbao za kutosha magitaa kadhaa. Yaani msitu haumalizwi na gitaa. Lakini gitaa ndilo linalouza jina la mti kwa sauti kubwa zaidi, na bei ya jina hilo hurudi msituni kama tamaa. Kilwa imeonyesha kwamba njia nyingine ipo: vijiji vyenye misitu ya mpingo vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC cha misitu ya jamii inayosimamiwa vizuri, na mapato ya mti yakaanza kufika kwa watu wanaoulinda. Moshi, marehemu Sebastian Chuwa alitumia miaka mingi kuotesha miche ya mpingo na kuwafundisha watoto wa shule kuitunza, akijua kwamba hataiona ikifikia kupasuliwa.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alisisitiza kwamba viumbe vina thamani yao mbele za Mungu kabla ya kuwa na faida kwa binadamu. Fundisho hilo likishushwa hadi kwenye meza ya fundi, linampa mti heshima ya aina nyingine, tofauti na ile ya kadi ya bei. Mninga unastahili heshima kwa kuwa ni kiumbe kilichochukua karibu umri wa mtu kukua, na heshima hiyo haiongezeki wala kupungua kwa mlio wake. Fundi anayejua hivyo hapotezi kipande. Wala hahitaji kutafuta mti wa mbali ili kazi yake ihesabiwe. Karatasi ya Torres imekwisha kulithibitisha hilo.

Karakana za Tabora hutupa au huchoma kila wiki mabaki ya mninga yanayotosha vishikizo vya nyuzi na hata migongo ya magitaa, na Kipalapala na mitaa yake haikosi vijana wanaojua kushika randa. Kinachokosekana ni mtu wa kuwafundisha kuusikiliza ubao, na soko linalouliza maswali sahihi. Parokia, misikiti yenye vikundi vya kaswida, shule na kwaya ni wanunuzi wakubwa wa vyombo vya muziki nchini. Kabla ya kulipa, waulize mambo matatu na yaandikwe kwenye kadi: nani alikitengeneza, mti ulikatwa msitu gani, na wenye msitu walipata nini.